Mbuzi Kwenye Gunia, Gwanda la Kuazima

Wahenga waliposema kwamba fulani ameuziwa mbuzi kwenye gunia, walikuwa na hakika ya jambo moja: gunia lenyewe lilikuwapo. Mnunuzi aliliona, alilishika, pengine hata alisikia kitu kikirusha mateke ndani yake. Alichokosa ni busara ya kulifungua kabla ya kutoa fedha. Katika nchi za jirani, Kenya ikiwa mbele, umeenea ulaghai ambao humnyima mnunuzi hata hilo gunia. Mbuzi hakuna, gunia hakuna, na mwuzaji naye hayupo. Kilichopo ni picha katika kioo cha simu, sauti tamu, na namba ya kupelekea fedha. Na mtu mwenye akili zake timamu, tena mara nyingi mwenye kazi, cheo na watoto wanaosoma, huzipeleka.

Ni vema isemwe mapema kwamba lawama haiiendei biashara yenyewe. Machi 2007, kampuni ya Safaricom ilipoanzisha huduma ya M-Pesa nchini Kenya, watu ambao benki zilikuwa zimewapa kisogo kwa miaka mingi walipata njia ya kupeleka fedha kutoka Nairobi hadi Lodwar bila kupanda basi na bila kumkabidhi kondakta bahasha. Baadaye yakaja masoko ya matangazo katika mtandao. Jiji, soko lililoanzia Nigeria mwaka 2014, lilichukua mwaka 2019 biashara ya OLX katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania. Na kando yake zikazagaa kurasa za Facebook na makundi ya WhatsApp ambamo kila kitu huuzwa, kuanzia ndama hadi kiwanja. Fundi wa Kisumu humpata mnunuzi wa kabati aliye Nakuru. Mkulima huijua bei ya viazi kabla lori halijafika shambani. Dalali aliyekuwa akila pande zote mbili amepunguziwa mlo, na hakuna atakayemlilia.

Lakini soko la zamani, pamoja na kelele zake zote, lilikuwa na jambo moja lililomlinda mnyonge: mwuzaji alikuwa na uso na alikuwa na kizimba. Akiuza sufuria lililotoboka, kesho yake mnunuzi alirudi nalo, na majirani wa kizimba walishuhudia ugomvi. Soko la simu limebomoa vizimba hivyo. Ayari aliyekuwa akicheza pata potea kwenye kona ya barabara, jicho moja kwenye karata na jingine kwa askari wa doria, sasa hana haja ya kona wala ya kukimbia.

Mfano wa pikipiki unatosha kuonyesha namna kazi hii inavyofanywa. Pikipiki iliyotumika, ambayo kwa bei ya haki ingeuzwa shilingi laki moja za Kenya, hutangazwa kwa elfu hamsini na tano. Picha ni safi, na hiyo si ajabu, kwa kuwa zimechukuliwa katika tangazo la mtu mwingine. Mwuzaji hujibu upesi na kwa adabu. Yuko Mombasa, mnunuzi yuko Nakuru. Sababu ya bei kuwa ndogo ipo tayari: karo ya mtoto, mama aliyelazwa hospitalini, uhamisho wa ghafla. Kisha hutajwa mtu wa tatu, ambaye kazi yake ni kutisha tu: yupo mteja mwingine, yuko njiani, ana fedha taslimu. Hata hivyo mwuzaji ameipenda sauti ya huyu wa Nakuru, naye yu radhi kumwekea mzigo, mradi atume arbuni ya shilingi elfu kumi kabla ya adhuhuri.

Arbuni ikifika, mlango umefunguka. Hufuata gharama ya kusafirisha, na picha ya stakabadhi ya basi. Baada ya saa mbili huja habari mbaya: mzigo umezuiwa njiani na askari wa barabarani, wanataka elfu saba. Mnunuzi, ambaye asingekubali kamwe kutoa elfu saba kama angeombwa mwanzoni, huzitoa sasa, kwa kuwa anajaribu kuziokoa zile elfu kumi. Hapo ndipo ulipo ustadi wa kazi nzima. Kila malipo mapya huonekana kama kamba ya kuyavuta yale yaliyozama, na kumbe nayo huzama. Usiku ukiingia, simu ya mwuzaji haipatikani, na tangazo limefutwa. Hao askari wa barabarani ambao hawakuwahi kuiona pikipiki hiyo hubaki na jina baya pale Nakuru, maana mtu aliyetapeliwa huelekea kuamini sehemu moja ya hadithi hata baada ya nyingine zote kuporomoka.

Je, mnunuzi huyo hakuwa na njia ya kumtambua mtu wake? Alikuwa nayo. Huduma ya M-Pesa nchini Kenya ina kinga iliyopewa jina la Kiswahili, Hakikisha: kabla fedha hazijaondoka, simu humwonyesha mtumaji jina la anayezipokea, na kumpa nafasi ya kusita. Ni kinga nzuri, na ni mara ngapi imesomwa na kupuuzwa! Tangazo lilikuwa na jina la mwanamume. Jina linalotokea kwenye kioo ni la bibi wa kijijini, ambaye pengine hajui kwamba kitambulisho chake kilitumiwa kusajili laini hiyo. Mnunuzi huuliza, na jibu hutoka bila kigugumizi: hiyo ni laini ya mke, ya mhasibu, ya shangazi. Lilikuwa jambo dogo na lilitosha kuusimamisha mkono. Mwuzaji wa kweli ana laini yake, na jina la laini hulingana na jina la kadi ya chombo anachouza. Pasipolingana, hakuna biashara, hata kama shangazi huyo ni mtu mwema.

Likitiliwa shaka jina, tapeli hutoa karata yake kubwa: picha ya kitambulisho. Mnunuzi hutulia, akidhani kwamba sasa ameshika kitu. Amekosea. Picha ya kitambulisho huthibitisha tu kwamba mahali fulani kuna kitambulisho. Aghalabu ni cha mtu aliyetapeliwa mwezi uliopita, ambaye naye aliombwa atume picha ya kadi yake ili aaminike. Hivyo mnyonge wa kwanza hugeuzwa chambo cha mnyonge wa pili, na siku polisi wanapogonga mlango, hugonga mlango wake.

Na katika kadi zote za kuazima, hakuna inayopendwa na matapeli kama ile yenye picha ya mtu aliyevaa gwanda.

Jambo hili halikuanzia Afrika Mashariki. Nchini Marekani idara ya upelelezi wa jinai ya jeshi imewaonya raia kwa miaka mingi juu ya watu wanaojifanya askari walio karibu kupelekwa ng'ambo, wanaotangaza magari kwa bei ya kutupa ati kwa sababu hawana pa kuyaacha. Nchini India, ng'ambo ya bahari hii hii, ulaghai wa namna hiyo ulivuma sana mwishoni mwa miaka ya 2010: mwuzaji hujiita askari, hutuma kitambulisho cha jeshi na picha akiwa katika sare, na kueleza kwamba amepata amri ya uhamisho. Hesabu iliyo nyuma yake ni ya kikatili, lakini ni sahihi. Raia anamheshimu askari. Raia hathubutu kumhoji askari. Tena askari ana sababu njema ya kutoonekana: yuko mpakani, yuko kazini, yuko vitani.

Katika nchi za jirani sababu hiyo haihitaji hata kubuniwa. Majeshi ya Uganda na Burundi yalipelekwa Somalia mwaka 2007, na ya Kenya yakaingia huko Oktoba 2011. Nani asiye na ndugu, au jirani, au mwana wa jirani, aliyewahi kupelekwa huko? Kwa hiyo anaposema mtu katika simu kwamba gari ni lake, yeye yuko Somalia, na funguo zipo kwa wakala Nairobi anayengoja arbuni tu, maneno hayo huingia masikioni kama kweli. Damu ya watu waliokufa katika uwanja wa mapambano imegeuzwa kuwa tangazo la gari lisilokuwapo. Kama kuna wizi unaostahili kuitwa uhujumu, basi ni huu.

Kenya imeonja jambo hili kwa upande mwingine pia. Kila yanapotangazwa maandikisho ya vijana, jeshi la nchi hiyo hurudia kwamba kuandikishwa hakulipiwi hata senti moja. Na kila mara huzuka waitwao makanali wenye kuuza nafasi. Wazazi wameuza ng'ombe na mashamba. Vijana wamefika katika chuo cha kuruta huko Eldoret wakiwa na barua za wito zenye mihuri mizuri kuliko ile ya kweli, wakajikuta mikononi mwa polisi badala ya kwenye gwaride. Barua hizo zilinunuliwa kwa mtu asiyejulikana, aliyepatikana kwa simu, na fedha zilitangulia. Nafasi ya kuruta na pikipiki zimeuzwa kwa namna moja.

Kuna haja ya kutazama upande wa pili wa sarafu, kwa kuwa askari hatumiwi kama chambo tu. Yeye mwenyewe ni samaki, tena mnono. Mshahara wake ni wa uhakika na tarehe yake hujulikana na kila mtu. Kambi yake iko mbali na maduka. Zamu zake hazimpi nafasi ya kusafiri siku mbili kwenda kukagua gari. Mpiganaji wa Tanzania aliyekuwa katika brigedi iliyopelekwa mashariki ya Kongo mwaka 2013, au polisi aliyehamishiwa kituo cha mpakani, atakinunuaje kiwanja kama si kwa simu? Tapeli anayajua haya yote kuliko afisa mlipaji.

Hapa pana kitendawili. Askari huyu, akiwa zamu langoni usiku, humwamuru hata ofisa wake asimame, ajitaje, na atoe neno la siri. Hamfungulii mtu kwa sababu ana sauti nzuri. Hamfungulii kwa kuonyeshwa picha. Mtu akisema ana haraka, haraka yenyewe humwongezea mlinzi shaka. Lakini saa ya zamu ikiisha, akiwa amejilaza juu ya kitanda cha chuma na simu mkononi, askari huyo huyo humfungulia akiba ya miezi minane mtu ambaye hata langoni hajafika. Ujuzi anao. Ameuacha pamoja na silaha katika ghala.

Sheria ya lango ikihamishiwa sokoni, husema hivi: mali itangulie, fedha zifuate. Chombo kionekane, kijaribiwe, karatasi zake zilinganishwe na namba zilizopigwa kwenye chuma, na hapo ndipo fedha zitoke. Kwa gari au pikipiki nchini Kenya, mnunuzi hawezi kutosheka na kitabu cha chombo anachoonyeshwa. Mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, huruhusu mtu kuulizia kwa malipo madogo ni nani mwenye chombo katika daftari la serikali. Kwa kiwanja, daftari la ardhi hufanya kazi hiyo hiyo. Ikiwa mnunuzi yuko mbali, amtume ndugu au rafiki anayemfahamu kwa uso, naye akaione mali, wala si wakala aliyetajwa na mwuzaji. Mwenye mali ya kweli atanung'unika kidogo, kisha atakubali. Tapeli atatoweka, na kutoweka kwake ni faida.

Ipo pia hatari ambayo si ya fedha tu. Mwuzaji hukutana na mnunuzi, na mnunuzi ni mnyang'anyi. Mahali pa kukutania pakichaguliwa na mgeni, jioni, nyuma ya jengo, katika mtaa asioujua, mtu amejipeleka mwenyewe katika shambulio la kuvizia. Hakuna haja ya kulieleza hili kwa kirefu kwa watu waliofunzwa mambo hayo. Katika miji mingi ya Marekani, vituo vya polisi vimetenga sehemu ya uwanja wao, yenye taa na kamera, ili wauzaji na wanunuzi wa mtandaoni wakutane hapo. Ni wazo rahisi lisilohitaji bajeti kubwa. Kituo chenye mti wa kivuli na benchi mbele ya kaunta tayari kina karibu kila kitu kinachotakiwa, na mgeni anayekataa kukutana chini ya mti huo amekwisha jieleza.

Mwuzaji naye ana mtego wake. Mnunuzi huja, huikagua simu au televisheni, husema ametuma fedha, na ujumbe huingia ukiwa na maneno yale yale ya muamala wa kweli. Ujumbe huo umeandikwa na mwenzake aliye umbali wa hatua mia. Kinachotakiwa ni kutazama salio katika akaunti, wala si kusoma ujumbe. Wengi wameusoma, wakakabidhi mzigo, na salio wakalitazama usiku. Wengine huambiwa kwamba fedha zimezidi kwa bahati mbaya, warudishe kilichozidi, nao hurudisha kutoka mfukoni mwao wenyewe.

Halafu kuna ile mali inayokuwapo kweli, lakini ni ya wizi. Simu ya bei ya juu inayouzwa kwa theluthi ya bei yake, bila sanduku wala stakabadhi, mara nyingi imetoka katika mfuko wa mtu. Sheria ya jinai ya Kenya humhesabu mwenye kupokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi kuwa ni mkosaji, na kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Raia akisema hakujua, mahakama huweza kumsikiliza. Askari wa upelelezi akisema hakuwa na sababu ya kushuku bei hiyo, atachekwa kabla ya kuhukumiwa. Kila simu ina namba yake ya utambulisho, ambayo hutokea kioo kikiandikwa *#06#. Nchini Tanzania namba hiyo hupelekwa kwa ujumbe kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halisi. Inachukua dakika moja. Vivyo hivyo, *106# humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ikionekana laini asiyoijua, basi yupo mtu anayefanya biashara kwa jina lake.

Mipaka imeongeza uzito wa shauri hili. Tangu mwaka 2015 fedha zimeweza kuvuka kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda ya Tanzania na kurudi, na mfanyabiashara wa Namanga ameokolewa na usumbufu wa kubadilisha noti kichochoroni. Lakini tapeli naye amevuka. Uganda ilikuwa na sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta mwaka 2011, Tanzania ikatunga yake ya makosa ya mtandao mwaka 2015, Kenya na Rwanda zikafuata mwaka 2018. Wakuu wa polisi wa kanda hii wana umoja wao, EAPCCO, ulioundwa Kampala mwaka 1998. Sheria zipo na umoja upo. Kinachobaki ni mwendo: shilingi huvuka Namanga kwa sekunde chache, ilhali jalada la upelelezi husubiri barua, na barua husubiri saini, na mwenye saini yuko semina. Mtu aliye Arusha anayemtumia fedha mwuzaji asiyemjua wa Nairobi na ajue kwamba anaikimbilia nchi ambayo jalada lake litafika likiwa limechoka.

Baya zaidi ni pale jalada lisipofunguliwa kabisa. Mwalimu akitapeliwa hulalamika hadi mtaa mzima ujue. Askari akitapeliwa hunyamaza. Ataiendeaje kaunta ambayo yeye mwenyewe hukaa nyuma yake, aseme mbele ya koplo kwamba alituma fedha kwa sauti? Basi hufuta ujumbe, hufuta namba, na huiambia familia kwamba bei imepanda. Pamoja na ujumbe huo hufutwa ushahidi wote: jina lililotokea kwenye kioo, saa, namba ya muamala, picha ya kadi ya kuazima. Mwenzake wa bweni la pili ataipigia namba hiyo hiyo wiki ijayo.

Wakati ndio wenye thamani hapa. Kenya, mteja wa M-Pesa aombaye fedha zirudishwe huupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456. Zikiwa zingali katika akaunti ya mpokeaji huweza kuzuiwa, zikishatolewa hakuna cha kuzuia. Tanzania, namba za matapeli hutolewa taarifa kwa 15040, na ndiyo njia iliyowafichua wale wenye ujumbe maarufu wa kutaka ile fedha itumwe kwenye namba hii. Kituoni, mlalamikaji wa Kenya ataandikwa katika kitabu cha matukio na wa Tanzania atapewa RB, na hapo kampuni ya simu huweza kuulizwa kwa njia ya sheria laini hiyo ni ya nani na ilikuwa wapi. Yote hayo hufaa saa ile ile. Mtu anayejishauri siku tatu kwa aibu hufika kaunta wakati laini imekwisha vunjwa na kutupwa, na wakala aliyezitoa fedha hizo amekwisha hudumia mamia ya watu wengine, wala hamkumbuki hata mmoja.